Unene wa Vidole Viwili

Tundu sita kwa stadi sita: hesabu ilikubali.
Nikadhani kilichobaki ni kukaza nati na kuondoka.
Lakini rimu ya Gocha, nilipoizungusha kwa mkono,
ililia krrr, ikagota kwenye kalipa ya breki,
ikagoma, kama punda aliyeonyeshwa daraja.

Kaka yangu yuko Poland, anafunga maboksi ghalani.
Pikapu aliiuza. Magurudumu akayaacha,
manne, chini ya turubai, nyuma ya mitungi ya divai ya baba,
pamoja na neno moja: "Usiyauze."
Baada ya hapo yote tuliyosemezana yalikuwa ugomvi,
nyumba ya Omalo iuzwe, isiuzwe,
mpaka simu zenyewe zikachoka kuita.

Avtandil ana karakana Rustavi,
kwenye mtaa wa magari yaliyofia Marekani na kufufukia kwetu.
Gari langu ni mmoja wa maiti hao:
viti vinane, pua ya lori,
mlango wa kushoto wa rangi isiyo yake.
Akaingia chini chali, akatoka na grisi kwenye kipaji.
"Magurudumu hayana kosa, Lamara. Gari halina kosa.
Vimekaribiana mno, basi."

Akanipa spesa niishike.
Duara la aluminiamu, nene vidole viwili,
baridi, zito kuliko macho yalivyokadiria.
"Ya bei poa usiniletee.
Niliiona moja imepasuka kama biskuti;
mwenye gari ana msalaba wake kando ya barabara."
Akaisukuma kwenye habu. Ikaingia kwa pumzi,
kama kifuniko kinachoijua sufuria yake.
"Beringi zitanung'unika. Usukani utakuwa mzito kidogo.
Na sasa una nati za aina mbili:
za nje unaziona,
za ndani, zinazoshika spesa, zimefunikwa.
Kilomita themanini, simama. Vua kila gurudumu.
Usiziulize za nje habari za za ndani."

Basi nikasimama juu ya Gombori, ndani ya ukungu,
jeki juu ya kipande cha ubao, ng'ombe watatu wakinikagua.
Spana ya kipimo ikasema *tak*.
*Tak*, *tak*, gurudumu baada ya gurudumu,
nikaanza kumcheka Avtandil na hofu zake.
Nyuma kulia, nati ya tatu,
haikusema kitu.
Ikazunguka robo, polepole, kama mtu anayegeuka usingizini.
Robo tu.
Niliketi juu ya tairi la akiba mpaka ng'ombe wakaondoka.

Abano sitaisimulia. Anayeijua anaijua:
ukuta upande mmoja, na upande mwingine hakuna upande.
Gari lilipanua miguu likapanda.

Mama alikuwa amefunga jibini kwenye ngozi, paka kwenye kikapu,
theluji ikiwa tayari imekaa kwenye paa la jirani.
Akalizunguka gari mara moja.
"Mbona limesimama kama mwanamume aliyetoka kupanda farasi?"
Kisha akaona tope: magurudumu yalikuwa yametoka nje ya madgadi,
yakarusha udongo mpaka kwenye vioo.
Akavua kitambaa cha kichwa, akafuta dirisha la upande wake,
hilo moja tu, akapanda.

Tuliposhuka Alvani mtandao ukarudi,
na simu ikaita, namba ndefu ya ugenini.
Hakuuliza habari za nyumba.
Aliuliza, "Umezifunga rimu zangu?"
Nikasema nimezifunga.
"Zilikuwa zinagusa kwa ndani. Nilisahau kukwambia."
Nyuma yake nilisikia mkanda wa maboksi ukichanwa.
"Zinagusa?"
Mama alikuwa amelala, paka amelala,
nami nilikuwa nahesabu kilomita hadi kituo kinachofuata,
nitakapovua tena, nikaze tena zile zisizoonekana.
"Hazigusi," nikamwambia.